Cheti cha Maji

Jumatatu, tarehe kumi na nne Januari mwaka wa 1957, saa tatu asubuhi, ndipo mambo yangu yote yalipoharibika, na yaliharibikia juu ya meza ya Mwalimu Bedan Kagwe pale Ruiru. Saa naikumbuka kwa sababu kengele ilikuwa ndiyo imelia, watoto wa darasa la tano wanaingia mmoja mmoja, na binti yangu Nelima amesimama nyuma yangu akingoja kuambiwa aingie nao.

Nilikuwa na barua mfukoni. Barua hiyo niliingoja wiki saba. Mwezi wa kumi na moja, Nelima alipopita mtihani wa darasa la nne, mwalimu huyo huyo aliniambia, "Baba Nelima, Januari uje na karatasi ya kanisa, mtoto ataingia." Nikatuma habari kwetu Kimilili, kwa wazee wa kanisa letu la Marafiki. Wazee wakakaa, wakaomba, wakaandika. Watano walitia sahihi, na wa sita, ambaye hajui kushika kalamu, akatia kidole gumba. Barua ilisema kwamba Nelima binti Absalom Wamalwa ni mtoto wa waumini, na kwamba marehemu mama yake, Rasoa, alikuwa ndani ya kitabu cha kanisa tangu akiwa msichana.

Mwalimu Kagwe aliisoma yote. Kisha akaigeuza, akaangalia nyuma, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Hii ni barua," akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Ya kanisa."

"Mimi nilitaka cheti cha ubatizo. Ile kadi ndogo. Siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, jina la padri."

"Hiyo hatuna."

"Ilipotea?"

"Haikuwepo. Sisi Marafiki hatutii mtu maji. Tunasema ubatizo ni wa Roho, unafanyika ndani ya mtu, basi."

Karani wake, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akainua kichwa. "Kwa hivyo huko kwenu watu wanaokoka wakiwa wakavu?"

Mwalimu hakucheka, lakini hakumkemea pia. Akanirudishia barua ya wazee sita.

"Mzee, sheria si yangu. Darasa la tano lina viti arobaini. Wenye cheti wanaingia kwanza, na hapa nina watoto kumi na wawili wa wenye cheti wanaongoja nje. Nimekuwekea kiti kimoja tangu Novemba, na watu wananisumbua. Ijumaa saa sita mchana nafunga kitabu."

"Lakini mshahara wako unatoka serikalini, mwalimu. Shule hii ni ya serikali."

"Pesa ni za serikali. Msimamizi ni padri."

Nikatoka. Kila mwaka serikali inachukua kodi yangu ya kichwa, na haijawahi kuniuliza hata siku moja kama kichwa chenyewe kilitiwa maji. Kuchukua wanachukua kwa kila mtu. Kutoa ndiko kunakotaka kadi. Wakubwa wako hivyo, sikuanza kuwajua jana. Mwaka wa hamsini na tano Rasoa aliposhikwa na homa, nilimwendea bwana mkubwa wa shamba nikamwomba lori limpeleke hospitali Thika. Akasema lori lina kahawa, na kahawa ikilala itaharibika. Kahawa ilifika Thika salama. Rasoa alifika kesho yake juu ya baiskeli, nimemfunga mgongoni kwangu na leso kama mtoto, akafa siku ya tatu.

Tuliporudi kwenye laini za shamba, zile nyumba za wafanyakazi, nilimwambia Nelima avue sare asiichafue. Akavua, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Halafu akasema, "Papa, ile barua ina ukurasa mwingine. Kwa nini hukumwonyesha?"

Kwa sababu ukurasa ule haukuwa wa wazee. Ulikuwa wa kaka yangu mkubwa. Aliandika kwamba shule ikikataa nisihangaike, nimpeleke msichana nyumbani, kuna mtu wa Chwele mwenye ng'ombe saba wa tayari, na huyo mtu ni mpole, mke wa kwanza hajalalamika. Nelima ana miaka kumi na miwili. Labda kumi na mitatu. Alizaliwa wakati wa palizi, hilo nina hakika nalo, ndiyo maana ya jina lake.

"Umeisoma?" nikamwuliza.

"Mimi ndiye niliyekusomea ya wazee, Papa. Ya baba mkubwa ilikuwa nyuma yake."

Akaenda kuchota maji. Mimi nilibaki nikihesabu siku: Jumatatu imekwisha, bado Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Mtoto mwenye kiti shuleni naweza kumwambia kaka yangu kwamba yuko shule. Mtoto aliyekaa tu kwenye laini za kahawa, nitamwambia nini kaka yangu mkubwa, na baba yetu hayupo?

Jumanne sikwenda kazini kwenye mashine ya kumenya kahawa. Nyampara alijua, na siku hiyo haikuandikwa kwenye kadi yangu ya kazi. Nikapanda basi na Nelima kwenda Thika, kwa sababu nilisikia huko kuna shule ya mtu binafsi isiyouliza kanisa.

Shule hiyo ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya magodauni, karibu na kiwanda cha ngozi. Harufu ya ngozi mbichi ilikuwa nzito, lakini watoto walikuwa wakisoma kwa sauti kama hawaisikii. Mwenye shule ni Mjaluo, Mwalimu Omondi, mtu mnene mwenye koti lililochoka viwikoni. Nikamweleza. Nilipofika kwenye cheti akanikatiza.

"Ndugu yangu, mimi na wewe ni watu wa Nyanza, tusizungushane. Mimi nilifundisha misheni miaka tisa. Nikaoa mke wa pili, wakanifukuza. Lakini hesabu yangu haikuharibika kwa sababu ya mke wa pili. Hapa siulizi nani alitiwa maji. Nauliza mtoto anajua nini." Akamgeukia Nelima. "Wewe mrefu. Mananasi mia tatu thelathini na sita yameingia kiwandani. Kila nanasi linajaza makopo mawili na nusu. Makopo ni mangapi?"

Nelima akaangalia dari. Midomo ilikuwa ikitembea.

"Mia nane na arobaini," akasema. "Kama hakuna lililooza."

Mwalimu Omondi akanigeukia. "Huyu mtoto ukimpeleka kwingine," akasema, "nitakufuata Ruiru kwa miguu."

Moyo wangu ulipanda kidogo, kisha akataja ada. Shilingi sitini kwa muhula, na mihula ni mitatu. Ruiru ni arobaini na tano kwa mwaka mzima. Na kwa kuwa Ruiru na Thika si mwendo wa mtoto kila siku, angelala kwa Aoko, mke wa kwanza wa mwalimu, aliyekuwa na wasichana wengine wanne chumbani. Shilingi ishirini na tano kwa mwezi, na chakula ndani yake.

Mimi niliishia darasa la pili, lakini hesabu ya mfuko wangu naijua. Napokea sabini na mbili. Ada ikigawanywa kwa miezi ni kumi na tano. Aoko ishirini na tano. Zinabaki thelathini na mbili za kodi, chumvi, sabuni, nguo na nauli ya kwenda kumwona mtoto wangu mwenyewe. Posho ya unga ni ya shamba. Mtu anaweza kuishi. Nikawa tayari nimeacha tumbaku kichwani mwangu, nikaacha na chai.

"Na mtihani wa darasa la nane?" nikauliza. "Ataufanyia hapa?"

Mwalimu Omondi akakohoa. "Shule yetu bado haijaandikishwa. Barua iko mezani kwa mzungu wa elimu. Huu ni mwaka wa pili. Mimi naenda kila mwezi, na kila mwezi naambiwa bwana yuko safari."

"Sasa watoto wako wanafanyia wapi mtihani?"

"Wakifika la saba nawatafutia nafasi kwenye shule ya serikali. Wanamalizia huko."

"Kama shule gani?"

Akaangalia dirishani, kule kwenye moshi wa kiwanda. "Kuna ile ya Ruiru," akasema.

Nelima ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akashika mdomo kwa adabu. "Na huko nitaulizwa cheti, mwalimu," akasema.

"Utaulizwa," Omondi akakubali. "Lakini utakuwa umejua mambo mengi."

Akaniambia ana viti vitatu tu, na wiki ikiisha vitakuwa vimeisha; nikileta thelathini ya kwanza kiti ni changu. Tukarudi na basi ya saa tisa. Njiani sikuona kitu. Nilikuwa nikizungusha jambo lile lile: nilipe shilingi mia moja na themanini kila mwaka, miaka miwili, mitatu, nikonde, nivae viraka, halafu nimrudishe mtoto kwenye mlango ule ule wa Kagwe, na Kagwe aniulize kile kile alichoniuliza Jumatatu. Waliopanga mambo haya walikaa kwenye kiti kizuri wakayapanga. Ukiwa na kadi unalipa kidogo. Ukikosa unalipa mara nne, halafu unaambiwa kadi iko wapi.

Jumatano jioni jua likiwa bado juu, jirani yangu Magdalene alikuja na kikapu chake cha kuchumia kahawa bado kiunoni. Magdalene ni Mkikuyu, mjane kama mimi ni mjane, mtu wa kanisa la padri. Tangu Rasoa afe huwa anamsuka Nelima nywele, na ananigombeza bila malipo.

"Baba Nelima, nimesikia yote kwa Nelima. Umekaa hapa kama gunia. Umeshindwa?"

"Wameshinda wao."

"Hao wako huko na chai yao, hawajui hata jina lako. Nisikilize. Mafundisho ya ubatizo ni miaka miwili, si ndiyo? Lakini mgonjwa wa kufa hangoji miaka miwili. Mgonjwa anabatizwa siku ile ile. Wangeci wangu alibatizwa hivyo, wakati wa ile homa iliyozuka kijijini. Katekista Erastus alikuja na baiskeli, akamtia maji, akaandika kadi. Mtoto akapona. Sasa yuko la sita, na kadi yake ni kama za wengine. Hakuna mwalimu amewahi kuikataa."

Nilimwelewa, na sikutaka kumwelewa.

"Nelima si mgonjwa," nikasema.

"Nimekwambia ni mgonjwa? Nimekwambia kesho atakuwa mgonjwa."

"Magdalene."

"Ati Magdalene. Unataka shule au unataka kuzozana na mimi? Una shilingi za Thika?"

Nikamwambia kuhusu Rasoa. Sikuwahi kumwambia mtu. Hospitalini, siku ya tatu, mtawa mmoja alikuja na kikombe cha maji akamwuliza kama anataka kubatizwa kabla hajaenda. Mtu mzuri yule mtawa, simlaumu. Rasoa hakuwa na nguvu ya kusema. Aligeuza uso ukutani. Mtawa akangoja, akarudi na kikombe chake. Mwanamke aliyekataa maji wakati anakufa kweli, sasa mimi nimtie mtoto wake maji kwa kufa kwa uongo?

Magdalene akafungua kikapu kiunoni, akakaa chini.

"Rasoa alikataa kwa ajili yake," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Alikuwa mtu mzima. Je, alisema msichana wake aolewe na yule wa ng'ombe saba? Hilo mliongea?"

Hatukuliongea. Rasoa alisema tu, "Huyu asome mpaka wenye shule wachoke." Alilisema mara nyingi, akiwa mzima, akiwa anapepeta maharagwe.

Nilimwita Nelima nikamwambia yote, kwa sababu nani mwingine angelala kitandani. Nilitumaini atakataa. Angekataa, ningepumzika.

Alifikiri, kama alivyofikiria mananasi. "Maji hayo yataniingia ndani, Papa?"

"Sijui."

"Kama ubatizo ni wa ndani, basi ya nje yatakauka." Kisha akamwuliza Magdalene, "Nikohoe, au nilale tu?"

"Wagonjwa wa kweli hawaulizi," Magdalene akasema.

Usiku ule nilisikia kila panya. Asubuhi Alhamisi nilimwambia nyampara mtoto wangu yuko hoi, nikaona aibu maana alinipa pole kwa moyo wote. Magdalene alimtuma mtu amwite katekista. Alasiri akamlaza Nelima kwenye kitanda changu, akamfunika mablanketi matatu na gunia juu, mpaka jasho likamtoka kama mvua. Akampaka majivu kidogo midomoni.

"Usinipake mengi," Nelima akanong'ona. "Nitakuwa kama mwiko wa ugali."

"Nyamaza, ufe."

Mimi nilisimama mlangoni. Kitanda kilikuwa kile kile alichougulia Rasoa. Magdalene hakujua, hakuwa ameingia ndani siku zile. Nilipogeuka nikaona kichwa cha mtoto upande ule ule, na nywele zimelowa vile vile, nikashika mlango. Sikutaka kuendelea. Nikafungua mdomo niseme aamke, twende Thika, nitauza baiskeli, nitauza blanketi. Lakini nilikwisha kusikia kengele ya baiskeli nyingine njiani.

Katekista Erastus ni mtu mfupi, mzee kunipita, mwenye suruali iliyofungwa kamba kifundoni isiingie kwenye mnyororo. Alivua kofia. Akasalimu kila mtu kwa jina, hata mimi ambaye si mtu wake. Akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akaweka mkono kwenye paji la uso la Nelima, akauacha pale. Aliuacha kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Ana joto," akasema.

"Tangu juzi," Magdalene akasema.

"Anakula?"

"Hali kitu."

Nelima akakohoa. Kilikuwa kikohozi kizuri, si kikubwa sana.

Erastus akatoa mfukoni chupa ndogo ya maji, akaiweka chini. Akatoa kitabu, na ndani ya kitabu kadi moja nyeupe, mpya. Sikujua kwamba kadi yenyewe ni ndogo hivyo. Ingeingia kwenye kiganja cha mtoto. "Naandika kwanza," akasema, "wakati mkono bado mkavu." Akauliza jina, nikamwambia. Akauliza siku ya kuzaliwa, nikataja siku moja ya palizi, mwaka wa arobaini na nne, akaiandika kama vile siku hiyo iko kweli. Akauliza jina la mama. Nikasema Rasoa.

Aliandika tarehe ya leo. Kisha akashuka kwenye mstari wa chini kabisa, akaandika pale maneno machache taratibu. Akageuza kadi nione. Mimi nasoma polepole, lakini nilisoma: *katika hatari ya kufa*.

"Huwa tunaandika hivyo," akasema. "Ni lazima. Padri anaangalia." Akafunika kalamu. Chupa hakuigusa. "Hii kadi ni ya nini, Baba Nelima?"

"Ya mtoto."

"Nani ataichukua?"

Magdalene alianza kusema kitu, Erastus akainua kidole, si kwa ukali. Alikuwa akinitazama mimi. Nilifikiri kumdanganya. Nilikuwa nimedanganya nyampara asubuhi na mbingu hazikuanguka. Lakini yule mzee alikuja maili sita juani kwa ajili ya mtoto asiye wa kanisa lake, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuja nyumbani kwangu kwa jambo lolote ila kuhesabu vichwa.

"Mimi," nikasema. "Naipeleka kwa Mwalimu Kagwe."

"Lini?"

"Kesho. Kabla ya saa sita."

Nelima aliacha kukohoa. Chini ya yale mablanketi yote alikuwa ametulia kabisa. Nje mwanamke alikuwa akimwita kuku.

"Mungu anaponya," Magdalene akasema. "Alimponya Wangeci."

"Anaponya," Erastus akasema. "Sina neno hapo. Maji nayatoa kwa anayeyataka, na sijawahi kumnyima mtoto. Nikimwaga sasa, amebatizwa, na mtu hawezi kumwondolea ubatizo huo. Lakini Kagwe ni mtu wa kusoma tarehe. Mimi ndiye nampelekea majina ya waliobatizwa, kila mwezi, na tunakaa pamoja tunayapitia. Ataniita kesho hiyo hiyo. Ataweka kadi mbele yangu, na msichana atakuwa amekaa darasani kwake, mzima, anajibu hesabu." Akachukua chupa, akaishika magotini kwa mikono miwili bila kuifungua. "Ataniuliza huyu aliyekuwa anakufa Alhamisi saa kumi, Ijumaa amekuja shuleni kwa miguu gani. Nyinyi watatu mko hapa. Nitamjibu nini?"